Gunia Lililovikwa Kilemba

Leo sihubiri juu ya dhambi iliyojificha. Nahubiri juu ya dhambi iliyosimama kando ya barabara mchana kweupe, imeshonwa kwa kamba, imejaa viazi, na watoto wa shule wanaipita kila asubuhi bila kuishangaa. Nahubiri juu ya gunia la lumbesa.

Aliyewahi kutoka Makambako kwenda Njombe, au kupanda hadi Makete wakati wa viazi mviringo, ameliona gunia hilo. Ameona pia linavyotengenezwa. Gunia lenyewe limeshajaa. Mdomo wake ungefungwa hapo hapo na mkulima akalipwa gunia moja. Halifungwi. Anakuja kijana mwenye ujuzi wake, anapanga kiazi kimoja kimoja kuuzunguka mdomo kama fundi ajengaye ukuta wa kisima, anashindilia kwa goti, anatikisa, anaongeza, anapandisha, kisha anafunika kwa wavu na kushona. Gunia sasa limevaa kilemba. Na kilemba hicho hakina bei. Mkulima atalipwa gunia moja.

Nasema wazi mbele za Mungu: kilemba hicho ni wizi. Hata kama mkulima mwenyewe ameshika kamba wakati wa kushona, ni wizi.

Nimezaliwa katika nyumba ya viazi. Nilipokuwa mdogo kazi yangu siku ya kupakia ilikuwa kuokota vile vilivyodondoka wakati wa kushindilia na kumrudishia mpangaji juu. Mnunuzi alinisifu mbele ya watu, akasema mtoto huyu ana bidii. Nilifurahi sana. Ilipita miaka mingi kabla sijaelewa kwamba mikono yangu ilikuwa ikiiba nyumbani kwetu. Baba alikuwa amesimama pembeni, mikono ameifunga nyuma, akitazama milima. Leo najua kwa nini hakuwa akilitazama gunia.

Tufanye hesabu pamoja, maana Mungu wetu hachukizwi na hesabu. Tuchukue gunia la kilo 100 liwe shilingi 60,000, iwe mfano tu wa kuhesabia. Mama mkulima amepakia magunia kumi ya lumbesa, kila moja kilo 140. Amelipwa 600,000, amekunja noti, amerudi nyumbani. Lakini shamba lake limetoa kilo 1,400, ambazo ni magunia halali kumi na manne. Manne yameondoka bure. Shilingi 240,000 zimepanda lori pamoja na viazi. Tena ipime kwa namna nyingine: katika kila viazi saba alivyochimba mama yule, viwili hakulipwa. Aliinama mara saba kwenye baridi ile ya alfajiri, na mara mbili kati ya hizo mgongo wake ulimfanyia kazi mtu asiyemjua jina.

Kisha lifuate gunia lile mpaka Dar es Salaam. Likifika Mabibo au Kariakoo linafunguliwa, na kile kilemba kinavunjwa. Viazi vilivyonunuliwa kwa gunia vinauzwa kwa kilo, kwa ndoo, kwa kisado. Mama lishe wa Manzese hapewi cha kushindiliwa. Kijana wa chipsi haongezewi hata kimoja. Kipimo kilichokuwa kikubwa shambani kimekuwa kidogo sokoni, na mwenye kuvishika vyote viwili ni mtu mmoja. Soma Kumbukumbu la Torati sura ya 25 uone kama Musa hakumjua mtu huyu. Alimkataza mtu kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja zito na moja jepesi, na kuweka nyumbani vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Kwa nini viwili? Kwa sababu kimoja ni cha kununulia na kingine ni cha kuuzia. Sheria hiyo ina umri wa maelfu ya miaka, na inamweleza mnunuzi wa lumbesa kana kwamba mwandishi wake alikuwa amekaa juu ya jiwe akiangalia lori likipakiwa.

Na nchi nayo imesema. Tunayo Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Tunao Wakala wa Vipimo. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Wenzetu wa Kenya, kwa kanuni zao za viazi za mwaka 2019, wameteremka hadi kilo 50, kwa sababu wakulima wa kwao walikuwa wakilia kilio hiki hiki. Sheria basi ipo. Lakini ofisa wa vipimo hawezi kusimama katika kila shamba la Makete, na hata akisimama leo, kesho lori litapita usiku. Ndiyo maana namwendea mtu ambaye ofisa hamfikii: nakuendea wewe uliyebatizwa, uliyekaa benchi la tatu kutoka mbele, ambaye Jumanne unakwenda kununua viazi.

Ndugu yangu, unajua Mungu aliweka wapi amri ya mizani? Fungua Walawi 19, mistari ile ya mwisho wa sura. Anataja mizani ya haki, mawe ya haki, efa ya haki. Efa ilikuwa kipimo cha nafaka, haipishani sana na debe letu la lita 20. Na mara tu baada ya kuvitaja vipimo hivyo, bila hata kuvuta pumzi, Mungu anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa katika nchi ya Misri. Kwa muda mrefu nilijiuliza, debe na Misri vina uhusiano gani? Mpaka siku moja nikasoma tena Kutoka sura ya 5, nikaona. Farao aliwanyima watumwa majani ya kufyatulia matofali, akawatuma wakayatafute wenyewe, lakini idadi ya matofali akaikataza isipungue hata moja. Jasho limeongezwa, hesabu imebaki ile ile! Hiyo ni nini kama si lumbesa? Farao alishindilia gunia juu ya migongo ya Waebrania akaandika kitabuni kuwa ni gunia moja. Mungu alikiona kilemba kile, akashuka. Kwa hiyo anapotuambia tupime kwa haki anatukumbusha alikotutoa. Mtu aliyeokolewa kutoka kwenye kipimo cha Farao na kisha akakichukua kipimo hicho akakipeleka Makete, huyo amerudi Misri kwa miguu yake, na safari hii amekwenda kuwa msimamizi.

Amosi alilijua jambo hili kwa sababu hakutoka katika nyumba ya makuhani. Alikuwa mtu wa Tekoa, mtu wa mifugo na mikuyu, mkulima kama ninyi. Alipanda kwenda kaskazini siku za Yeroboamu wa pili, karne ya 8 kabla ya Kristo, nchi ikiwa na utajiri, nyumba za pembe za ndovu, karamu, nyimbo. Katika sura ya 8 anatuonyesha wafanyabiashara walioko ibadani lakini mioyo iko ghalani: wanaiona sabato ndefu, wanauliza itakwisha lini wafungue ngano, wapunguze efa, waongeze uzito wa jiwe la kupimia fedha. Miili yao ilikuwa hekaluni. Wapendwa, ni wangapi kati yetu simu imetetemeka mfukoni wakati wa sala ya kanisa, tukajua ni dereva anauliza apakie magunia mangapi, na tukaanza kupiga hesabu za kilemba kabla ya Amina? Bwana aliapa mbele ya Amosi kwamba hatayasahau matendo yale. Sikieni neno hilo kwa hofu. Sisi tunamwomba Mungu atukumbuke. Kuna mambo ambayo atayakumbuka bila kuombwa.

Sasa nifike mahali ambapo moyo wangu unauma zaidi.

Katika Luka sura ya 6 Bwana Yesu anazungumza juu ya kipimo, na anatumia lugha ya watu waliokuwa wakipima ngano tangu utoto. Anataja kipimo kilichojaa, kisha kikakandamizwa, kikatikiswa ili nafasi ipatikane, kikaongezwa mpaka kikafurika. Sisi wa viazi tukisikia hivyo tunaona gunia gani? Tunaona lumbesa! Kushindilia, kutikisa, kuongeza, kufurika: ni kazi ile ile ya yule kijana aliyepiga magoti. Lakini tazama mkono ulioshika. Katika Injili anayeshindilia ni mtoaji. Mwenye mali ndiye anayekandamiza ili kingi zaidi kiingie kwa ajili ya mwingine, na Mungu naye anamrudishia hivyo hivyo. Upande wetu anayeshindilia ni mpokeaji, naye anakandamiza mali ya asiye na uwezo wa kukataa. Tumechukua picha nzuri kuliko zote za ukarimu wa Mungu, picha ya neema yenyewe, tukaigeuza miguu juu na kuifanya chombo cha kunyang'anyia. Mtoto wa mkulima akisikia somo hilo kanisani ataelewa nini? Ataelewa kwamba Mungu ni mnunuzi.

Na msiniambie kwamba biashara haiwezi kwenda kwa njia nyingine, kwa maana nimewaona. Nimewaona kwenye mnada wa sadaka ya mavuno. Ibada imekwisha, tumetoka nje, mzee ananyanyua yai moja. Yai moja! Na mtu analinunua kwa 5,000, kisha analirudisha liuzwe tena, na mwingine analinunua kwa 10,000, na kinamama wanapiga vigelegele. Mkungu wa ndizi unazunguka mara tatu. Kuku mmoja analipa bati la kanisa. Kila mtu anatoa kuliko thamani, anafurahi, anacheka mpaka machozi. Pale mnajua kushindilia kama Bwana alivyosema! Basi ni nani aliyewaambia kwamba Roho wa Mungu huishia kwenye uzio wa kanisa? Mkono ulionunua yai kwa 10,000 Jumapili ndio ule ule uliomwambia mjane Jumanne: ongeza, mama, bado halijajaa.

Najua jibu lako. Mkulima amekubali mwenyewe, hakulazimishwa. Ndugu yangu, nenda ukasimame mahali pake. Viazi vimeshachimbwa, haviwezi kurudi ardhini. Wingu limekaa juu ya mlima, na mvua ikinyesha juu ya lundo, wiki ijayo litanuka. Deni la mbolea lina tarehe. Mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule akachukue mchango. Fuso limewasha injini, na dereva anamwambia kwamba akikataa, jirani yake anakubali. Hapo ndipo anapotikisa kichwa, na wewe unaita hiyo hiari. Esau naye alikubali. Alikuwa na njaa, akauza haki yake ya uzaliwa kwa chakula cha siku moja, na nduguye akamwapisha ili biashara iwe halali. Na kabla ya kutikisa kichwa, mkulima yule amesikia kwanza kila neno la kumvunja moyo: viazi vyako vidogo, vina madoa, mji umejaa mzigo, nakusaidia tu. Mithali 20 inamtaja mnunuzi huyo. Sokoni anaponda bidhaa, akishaondoka anajisifu njiani.

Yapo majina mengine ya dhambi hii katika nchi yetu. Kusini, kwenye korosho, inaitwa kangomba: mtu ananunua kwa bei ya njaa kabla msimu haujafunguliwa, kwa kipimo chake mwenyewe. Kagera inaitwa butura, ambako kahawa hununuliwa ikiwa bado ua, kwa sababu mwenye mkahawa ana mgonjwa au ana msiba. Anayenunua ua la kahawa ananunua dhiki ya mtu. Torati ilikataza kuchukua rehani ya jiwe la kusagia, kwa kuwa ni sawa na kumchukulia mtu uhai wake.

Tusimsahau pia kuli. Kila tunapozungumza juu ya lumbesa tunamtaja mkulima na mnunuzi, na yule aliyeko chini ya gunia hatumtaji. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Kijana wetu anawekewa 140 kichwani na mabegani, anapanda ubao wa lori huku miguu inatetemeka, na analipwa kwa gunia, si kwa kilo. Kwa hiyo kilemba kimeiba mara mbili: kwa mama aliyechimba, na kwenye uti wa mgongo wa mtoto wa watu. Nimewazika wanaume waliokwisha kabla ya siku zao, na wake zao waliponieleza juu ya maumivu yale ya kiuno niliona haya kuuliza walikuwa wakifanya kazi gani. Nilijua. Yakobo sura ya 5 anasema ujira ulioibwa unapiga kelele wenyewe. Mimi naamini hata mifupa hupiga kelele.

Sasa nanyi wakulima, msikae mkitikisa vichwa na kumtazama mnunuzi. Neno lina upande wa pili. Ni nani anayepanga viazi vikubwa juu na vyenye kuoza chini? Ni nani aliyetia mchanga na maji kwenye pamba ili mizani ishuke? Ni nani anayechanganya mahindi yenye fangasi katikati ya gunia, akijua watoto wa mtu watakunywa uji wake? Yule yule Amosi alikemea kuuza makapi ya ngano. Umaskini haukupi ruhusa ya kumdhulumu maskini mwenzako aliyeko mjini. Mkidanganya chini ya gunia, mnampa mnunuzi sababu ya kudanganya juu yake, na Ibilisi anakaa katikati amestarehe.

Kila mtoto wa Kipaimara hapa amekariri Amri ya Saba. Martin Luther alipoandika Katekisimu zake mwaka 1529 hakuishia kwenye mwizi avunjaye mlango. Alifundisha kwamba amri hii inamkataza mtu kujipatia mali ya jirani kwa bidhaa mbovu na biashara ya hila, kisha akageuza upande: tumsaidie jirani mali yake iongezeke na ilindwe. Miaka mitano kabla ya hapo, katika andiko lake juu ya biashara, aliwakemea wafanyabiashara waliojiwekea kanuni ya kuuza ghali kadiri wawezavyo. Tunajiita watoto wa Matengenezo. Tunaimba kwa sauti kubwa kila Oktoba. Je, mali ya jirani imeongezeka kwa sababu ya kuwepo kwetu?

Na wewe, mzee wa kanisa, na mimi mchungaji wako, tuvue viatu. Tumepokea. Tumepokea bati, saruji, vipaza sauti, na tumewaita waliotoa wasimame wapigiwe makofi. Hatukuuliza. Mama yule wa viazi saba alitoa 2,000 na hakuna aliyemwambia asimame, wakati huenda katika lile bati kulikuwa na viazi vyake viwili. Amosi sura ya 5 inaeleza jinsi Mungu anavyozichukia sikukuu na nyimbo za watu wa namna hiyo, anavyotaka haki itiririke kama mto usiokauka. Natubu mbele yenu kwa kusema hivi. Nilikaa kimya misimu mingi kwa kuogopa jengo lisikwame.

Lakini Habari Njema ipo, na inaitwa Zakayo. Yule mtu wa Yeriko alikuwa mkuu wa watoza ushuru, na kazi yake ilikuwa ya kilemba: kutoza zaidi ya kilichopangwa na kubaki na ziada. Yesu hakumhubiria lumbesa. Alimwita kwa jina, akaenda kushinda kwake. Na mtu aliyependwa hivyo akasimama mwenyewe, akataja namba. Nusu ya mali kwa maskini. Aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Angalieni toba yenye hesabu ndani yake! Hakusema tu kwamba anajisikia vibaya, wala hakuomba aombewe. Aliwakumbuka aliowadhulumu, akataja kiasi. Na ndipo Bwana akatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Ndugu yangu mnunuzi, unawajua watu wako kwa majina. Unajua ni kwa nani ulipakia msimu uliopita. Mrudie. Ukiwa huna cha kurudisha mara nne, anza na gunia la kilo 100 lililofungwa mdomo wake mahali unapoishia. Utapata kidogo. Nauli ya lori itakuuma, na wenzako watakucheka Makambako. Vumilia. Aliyekununua wewe hakukupunja: alitoa damu yake yote, hakubakiza.

Na ninyi wa mashamba, acheni kuuza mmoja mmoja kama kondoo waliotawanyika. Kaeni jumuiya kwa jumuiya, kubalianeni siku ya kuchimba na bei ya kilo, na lori likija likute watu ishirini wenye neno moja. Asiwepo wa kuvunja safu usiku. Mwenye shida ya mchango wa shule aseme mapema jumuiya imbebe, ili shida yake isigeuke mlango wa kuingilia mwizi.

Baraza la wazee limenunua mizani ya kuning'iniza, imekaguliwa na kupigwa muhuri. Ipo ofisini kwangu, nyuma ya mlango, na ufunguo anao mzee wa zamu. Haikodishwi, haina malipo. Jumanne malori yanapanda. Njooni Jumatatu jioni muichukue.